Watu Wangu wa Sebuleni Kwako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimetulia. Mimi sijambo, na hapa kwa shangazi wote hawajambo. Shangazi anauliza kama bado unavaa lile koti lililotoboka kiwiko. Umeniuliza mara nyingi kwa nini niliondoka bila kuaga vizuri. Leo nitakueleza, ila naomba usome hadi mwisho.

Watu wangu unawajua, maana niliwaleta sebuleni kwako: Mwalimu aliyenifundisha kuchonga meno bandia, Chiriku anayeuza vifaa vya kazi yetu, na yule daktari wa meno asiyemaliza chai. Wenzangu kwenye semina za kazi yetu walikuwa wakikimbiza namba za simu za kila mtu. Mimi nilitaka wachache wanaoijua kazi yangu, nami niijue yao, na anayesikia nafasi ya kazi amwambie mwenzake. Ulitukaribisha vizuri sana, ukatutania kwamba tunapanga mapinduzi ya vibogoyo.

Basi Mwalimu akanitaja kwa mama mmoja, mkuu wa karakana mpya ya meno ya hospitali, mbali na nyumbani. Mama yule alikuja akaniona nikifanya kazi, akaniambia nijiandae kuhama. Nikaanza kufunga nguo. Ghafla kimya. Nikipiga simu, mara yuko kikaoni, mara atanipigia. Daktari naye akaacha kuniletea kazi, na akinisalimia ananiangalia vidole.

Nikamshuku Chiriku. Mdomo wake unaujua, na aliulizauliza sana kuhusu nafasi ile. Nilimfuata dukani nikamwita mnafiki mbele ya wateja wake.  Alifunga duka, akaenda mwenyewe kwa mkuu kuuliza nimekosea wapi.

Alichorudi nacho ndicho kilichonitoa nyumbani. Mkuu alimweleza kwamba kuna mtu alimpigia simu, kwa upole na huzuni, akasema mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, kwamba naficha, na kwamba asinitwishe kazi nitakayoaibika nayo. Daktari naye alipigiwa. Chiriku akauliza ni nani huyo. Mkuu akamjibu, "Baba yake mzazi. Ningembishiaje?"

Baba, namba ile uliichukua kwa Mwalimu ukidai unataka kumshukuru mama wa watu. Najua unaogopa kubaki peke yako, tangu alipoondoka kaka. Si ungeniambia? Ungelia mbele yangu, pengine ningebaki. Badala yake umewaendea watu niliowapata mmoja mmoja, kwa miaka, ukanichafua kwao kwa sauti ya huruma. Imeniuma, Baba. Hakuna mtu aliyewahi kuniumiza hivi.

Chiriku nimemwomba radhi. Amekubali, ila hajaanza kunitania tena. Na mwandiko huu unaousoma ni wa mkono ule ule wa kulia. Uangalie vizuri.

Wasalimie majirani wote, na mpangaji wa uani. Shangazi anakusalimu sana. Nafasi ile bado haijapata mtu, lakini mimi nikisema mkono ni mzima, wataona najitetea tu. Kwa hiyo usinipigie mimi, Baba. Mpigie mkuu yule. Namba yake unayo.

Ni mimi,
binti yako.