Cresensia, Uliyejua Nani Atangulie

Leo umetimia mwaka mmoja, mpendwa wetu Cresensia Hilary, tangu figo zilipokushinda ukatuacha ukiwa na miaka thelathini na moja. Baba na Mama walitaka tangazo hili niliandike mimi, kaka yako Patrisi, kwa kuwa nilisomea kompyuta kama wewe. Hawakujua wamenipa kazi ngumu kiasi gani.

Tunakumbuka upole wako. Majirani wa Rhotia walikuletea simu zilizokufa, ukazitengeneza bila kuwatoza. Chai yako uliinywa ikiwa imepoa, maana uliisahau kila mara. Ulipocheka ulifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya bibi.

Tunakumbuka kazi yako. Wewe ndiye uliyeandika programu ya vifaa vya mkononi wanayotumia wachanjaji wa mifugo kule Piyaya, mahali ambapo mtandao haufiki, ili wajue ng'ombe yupi ameshachanjwa na yupi bado. Mimi nilikutangulia chuo kikuu miaka sita. Lakini mtu akifika Karatu mjini akaulizia fundi wa programu, alielekezwa kwako. Niliumia, Cresensia, na sikumwambia mtu.

Siku moja Mama alikukuta umeinamia orodha ya majina. Ukamweleza kuwa hizo ni maktaba, yaani mafungu ya msimbo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo kompyuta huyaunganisha kuwa programu moja.

"Si majina tu hayo?" Mama akauliza. "Likitangulia hili au lile kuna tofauti gani?"

"Kompyuta inasoma mara moja, Mama, haigeuki nyuma. Anayehitaji kitu atajwe kwanza, ndipo atajwe mwenye nacho. Ukianza na mwenye nacho, inaona hakuna aliyemwomba, inampita. Mwombaji akija baadaye, anakosa."

"Na kama wote wawili wanahitajiana?"

"Basi mmoja namtaja mara mbili."

Mama alifurahi kuelewa. Mimi nilikuwa mlangoni. Hakuwahi kuniuliza habari za kazi yangu.

Kazi ilipokuzidi ulinikaribisha nikusaidie. Alasiri moja ulikwenda sokoni, nami nikaifungua orodha hiyo. Juu yake uliandika: "Mpangilio huu usiguswe." Nilijua vizuri kwa nini. Nikayapanga majina kwa alfabeti, nikafuta lile ulilolitaja mara mbili. Sikutaka kuharibu chanjo ya watu. Nilitaka ushindwe mbele ya watu, mara moja tu.

Kesho yake asubuhi Senteu, afisa mifugo, alifika na gari. Chanjo ya homa ya mapafu ilikuwa inaanza siku hiyohiyo. Ulikuwa umesahihisha kosa dogo la tarehe, imebaki kuijenga programu upya na kuiweka kwenye vifaa. Ikakataa. Ukajaribu tena, ikakataa. Kwa dakika arobaini nilikaa kwenye kiti nikinywa chai, na nakiri kwamba chai ile ilikuwa tamu.

"Dada," Senteu akasema, "wazee wameleta ng'ombe tangu alfajiri. Tukichelewa watawarudisha malishoni, na siwapati tena mwezi huu."

Hapo nikaweka kikombe chini, lakini sikukiri. Ukafungua historia ya faili, inayoonyesha nani kaigusa. Jina langu lilikuwa pale, pamoja na saa. Ukageuka ukaniangalia.

"Nimeliona," ukamwambia Senteu, macho yako yakiwa kwangu. "Majina yamepishana. Nipe dakika mbili."

Ukaurudisha mpangilio, ikakubali, ukaondoka naye kwenda Piyaya bila kuniuliza neno. Uliporudi baada ya siku nne uliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ukaniuliza kama nilishinda salama. Hapo ndipo wivu wangu ulipozidi. Hata katika kusamehe ulinishinda.

Ulipofariki watu wa Piyaya walikuja kwa magari matatu. Nikasimama kaburini nikijiuliza ni wangapi wangenijia mimi. Nisamehe kwa hilo pia.

Mwezi uliopita Senteu alinipigia. Walikuwa wamepata vifaa vipya, na programu ilihitaji maktaba moja zaidi. Niliiweka mwisho, ikakataa. Nikaiweka mwanzo, ikakataa. Nikarudi kwenye maneno uliyomwambia Mama, nikatafuta nani anamhitaji nani, nikaiweka mahali pake. Ikakubali. Nilikwenda nayo Piyaya mwenyewe, na kutwa nzima nikasikia watu wakisema, "Programu ya Cresensia bado inafanya kazi." Ulimi uliniwasha kuwaambia kwamba safari hii nimeijenga mimi.

Jioni Senteu alikuwa akikunja kamba kando ya zizi. Nikamwambia, "Siku ile tuliyokuchelewesha, aliyeharibu ni mimi."

Hakuacha kukunja. "Tunajua. Dada yako alituambia njiani."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Kaka yangu ananionea wivu, na hajui kwamba nilisomea kompyuta ili nifanane naye. Msimchukie.'"

Nililia pale pale mbele ya ng'ombe na watu.

Maneno haya nimewasomea Baba na Mama kabla ya kuyapeleka kuchapwa. Mama akaniuliza, kwa mara ya kwanza, kazi yangu inaendaje. Baba alisema lisipunguzwe hata neno moja.

Unakumbukwa na baba yako mzee Hilary, mama yako Brigita, mdogo wako Piusi, shangazi, wajomba, majirani wa Rhotia na rafiki zako wa Piyaya. Na mimi kaka yako, ambaye bado nakuonea wivu, na ningeutoa wote uliobaki ili nikuone unaisahau chai yako asubuhi moja tu.

Maadamu tupo, hutasahaulika.