Viazi vya Zinaida

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Wiki ya tatu ya kumtunza Bibi Vera, Blackheath, London. Asubuhi ya kawaida — dawa, uji wa shayiri, soksi za kubana. Ana miaka tisini na miwili na mifupa kama ya ndege, lakini akikushika mkono unajua umeshikwa.

Saa nne akaja Kavita, dada wa jumba la sanaa anayesafisha picha za zamani. Paul, mtoto pekee wa Bibi, alikuwa ameshafika, hatulii, anazunguka tu sebuleni. Kavita akatandaza eksirei mezani. Eksirei ya picha! Ile ya beseni la viazi iliyo ukutani, ambayo kila siku naipita nikisema moyoni hata Placida wangu alichora vizuri zaidi akiwa darasa la pili. Kumbe chini ya viazi kuna picha nyingine. Duara kubwa, mstari mnene umelikata kwa mshazari, na vipande vidogo vinaruka pembeni kama vya glasi iliyovunjika.

Ya chini ni ya baba yake Bibi, Gleb Stavrin. Mchoraji wa Urusi, wa wale walioacha kuchora watu na miti wakachora maumbo matupu. Yumo vitabuni. Ya juu aliichora mama yake. Huyo hayumo popote.

Mwezi uliopita, kabla sijaanza kazi hapa, Bibi aliweka sahihi viazi vifutwe ili picha ya baba iingie kwenye maonyesho ya mwakani. Leo Kavita alipouliza waichukue lini, Bibi akasema hapana. Hivyo tu. Paul akacheka kidogo, akadhani mama yake hajasikia vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Bibi hakutaka televisheni. Akasimulia huku namkata kucha.

Baada ya mapinduzi baba yake alifundisha uchoraji kwenye mji mdogo. Yeye na wanafunzi walipaka maduara na pembetatu kwenye tramu, kwenye sahani, kwenye kuta za kantini. Aliamini mtu akila kwenye sahani ya namna ile atafikiri kwa namna mpya. (Bibi anasema supu ilikuwa ileile ya kabichi.) Kisha mambo yakageuka. Serikali ikasema maumbo hayo ni uchafu wa maadui. Mchoraji achore wakulima wanaotabasamu. Gleb hakuweza. Walimchukua mwaka 1937. Barua ya kusema alikufa, na kwamba hakuwa na kosa, ilifika baada ya miaka kumi na tisa.

Mama yake aliitwa Zinaida. Alikuwa akimenya viazi kwenye kantini ya kiwanda, hajawahi kushika brashi. Siku ya tatu tangu mumewe achukuliwe, alizitoa picha sita zilizobaki akazipaka rangi juu. Mkate. Samaki. Kabichi. Mayai. Soseji. Viazi. Vera alikuwa na miaka minne, kazi yake ilikuwa kushika kopo la rangi.

"Alichora chakula ambacho hatukuwa nacho," akasema.

Walipokuja kupekua, mmoja wao alisimama mbele ya soseji, akasema aliyechora hii hajui kazi. Wakaondoka. Miaka mingi baadaye Bibi aliolewa na Mwingereza, akazileta London zote sita. Forodhani hakuna aliyeuliza kitu.

Tano za mama yake zimeshafutwa, moja baada ya nyingine, kwa idhini yake mwenyewe. Alitaka baba yake arudi duniani. Nikamuuliza, sasa hii ya sita kuna nini?

Akasema: "Zilipokuwa sita sikuhesabu."

Jumapili, 12 Oktoba

Misa, kisha sokoni Woolwich kutafuta ndizi za kupika. Nikamsimulia mume wangu Severin tukiwa tumebeba mifuko. Yeye kwa uchovu wa kazi ya bohari kule Hayes hasikilizi mambo mengi, lakini hili alisikiliza. Mwisho akasema: "Mama Placida, ugomvi wa mtu na mwanawe usiuingie. Viza yetu sote watatu imeshikwa na ejensi yako."

Ni kweli. Mimi ndiye mwenye kibali cha kazi, wao wamekuja kwa jina langu.

Lakini nimeshinda nikimfikiria mama yangu. Kule Bukoba kila Krismasi alisiliba ukuta wa nyumba, akachora kwa majivu na udongo mweupe. Mistari tu, na vitu kama mbegu. Hakuna aliyemfundisha. Alipofariki kaka akaupiga ukuta plasta ya saruji, akatuma picha kwenye kundi la familia. Nami niliandika "hongera sana kaka, nyumba imependeza". Niliandika kabisa.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbaya. Viatu nimevikuta ndani ya friji. Bibi ameniita Nyura tangu asubuhi — Nyura alikuwa jirani yao huko kwao. Akaongea Kirusi mpaka saa sita.

Nikaandika kwenye daftari la kazi kama ninavyotakiwa: "Amechanganyikiwa. Hatambui mahali alipo." Saa, tarehe, sahihi. Ndiyo kazi.

Mchana akarudi sawa kabisa, akanisahihisha namna ya kutamka jina la daktari wake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Paul alinifuata jikoni. Alishalisoma daftari lote. Ana haki, ni mtoto. Anasema mama yake ameanza kupotea, kwa hiyo ile "hapana" ya sasa si yake. Aliyeweka sahihi mwezi wa tisa ndiye mama yake halisi. Ameomba ofisa wa ustawi wa jamii aje kumpima kama bado anaweza kuamua. Akaniomba niandike barua: kwamba tangu nianze kazi, Bibi haelewi mambo.

Nikamwambia barua kama hizo huandikwa na ofisi.

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi. Lakini akavua miwani, akasema: "Babu yangu aliuawa mara moja na serikali, halafu akafunikwa na viazi. Nina miaka sitini. Sijamwona. Hii ndiyo picha yake ya mwisho, hata rangi zake hatuzijui."

Nilimuuliza kama anamkumbuka bibi yake, Zinaida. Akasema alifia huko Urusi, hakuwahi kukutana naye. Alikuwa mtu wa kantini, akasema.

Jioni Nadim, meneja wa ejensi, akapiga simu. Kwa upole. Niandike ninachokiona tu, nisiwe upande wowote. Nikamwambia ndivyo ninavyofanya. Lakini "ninachokiona" — nimeona nini hasa? Nimeona viatu kwenye friji. Nimeona pia mtu anayejua anachokataa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepitia daftari la kazi tangu mwanzo. Kila alipochanganyikiwa nimeandika. Alipokuwa na akili timamu nimeandika "siku njema". Maneno mawili. Simulizi yote ya Zinaida, saa mbili nzima, kwenye daftari inasomeka: "Siku njema. Amekatwa kucha."

Sina amani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ofisa alikuja, anaitwa Kalpana, mama mtu mzima, ana sauti ya chini. Paul upande mmoja, mimi upande wa pili, Bibi katikati na shali yake ya kijani.

Kalpana akauliza leo siku gani. Bibi akasema Jumamosi. Mwezi? Akasema wa baridi. Paul akaangalia chini.

Kisha Kalpana akauliza ile picha ni ya nani.

"Chini baba. Juu mama."

"Ukisema wafute, itakuwaje?"

"Watu wengi wataenda kumwona baba. Watafurahi. Mama atabaki kwenye pamba za yule binti anayesafisha picha."

"Na ukisema wasifute?"

"Baba atasubiri. Amezoea."

Kisha Bibi akanigeukia akauliza, "Nyura, umekula?" — na Paul akainua mikono kama mtu aliyeonyesha ushahidi.

Ndipo nikaulizwa mimi. Mbele yao wote. Kwa maoni yangu, anaelewa?

Moyoni nikamwona Severin, nikaiona viza, nikamwona Placida na mitihani yake. Nikasema: siku anazikosea, majina anayakosea, mimi ananiita jina la jirani marehemu. Lakini habari ya picha hii hajaikosea hata siku moja, siku nzuri wala mbaya. Na kwamba hilo sikuliandika kwenye daftari, na ni kosa langu.

Kalpana akasema ataandika ripoti, itachukua wiki moja au mbili.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Severin. Akanuna. Placida akadakia kwa Kiingereza chake kwamba baba asininunie, nilichosema ni kweli. Severin akasema kweli anaijua, anachouliza ni kesho.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nadim amepiga simu. Familia imeomba nibadilishwe. Si adhabu, anasema, kazi ninayo, viza haina shida. Kuanzia Jumatano nitakuwa kwa mzee mmoja Kenton. Kenton! Treni mbili na basi. Shifti ya mwisho kwa Bibi ni Jumanne.

Siku hiyohiyo gari la jumba la sanaa linakuja kuchukua picha. Maonyesho hayangoji ripoti, na sahihi ya mwezi wa tisa bado inasimama mpaka ofisa aseme vingine. Paul ndiye aliyepanga.

Severin alinimiminia chai. Hakusema "nilikuambia". Nimemshukuru kwa hilo.

Jumanne, 28 Oktoba

Naandika hapahapa sebuleni kwa Bibi, daftari langu juu ya goti. Saa nane na nusu mchana. Niandike kabla haijanitoka.

Bibi amekataa chakula tangu asubuhi. Kirusi kitupu. Nilimwambia mara tatu kwamba leo ndiyo siku yangu ya mwisho, mara tatu akanipapasa shavu. Paul akaja saa saba, amevaa suti, ana makaratasi. Hakunisalimu vibaya. Aliuliza kama amekula, nikamwambia hapana. Akachukua bakuli la supu mkononi mwangu, akavuta kiti, akaanza kumlisha mwenyewe. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Kijiko cha tatu Bibi akamshika kifundo cha mkono. Akamwangalia kwa muda mrefu. Akaanza kuongea, haraka, chini chini, kama mtu anayeogopa jirani asisikie. Paul akaacha kulisha. Supu ikamwagikia suruali, hakuifuta.

Nikauliza, anasema nini?

Akaniambia bila kugeuka: anadhani yeye, Paul, ni Gleb. Na Bibi anajiona ni Zinaida. Anasema, "Gleb, umerudi. Nimezificha zote sita. Nisamehe, sijui kuchora. Usizitoe bado — wako kwenye ngazi."

Akatafsiri neno moja moja, kwa shida. Kirusi chake ni cha utotoni. Nilijua natakiwa kuandika nini kwenye daftari la kazi. Amechanganyikiwa. Hatambui watu. Hajui mwaka. Kalpana ameomba kurasa zote mpaka leo. Na Paul naye anajua, kwa sababu aligeuka akaliangalia daftari pale mezani, kisha akaniangalia mimi. Sikuweza kusoma uso wake.

Bibi akamtikisa mkono. Anangoja jibu.

Paul akamwambia neno moja la Kirusi. Moja tu. Bibi akaegemea nyuma, akafumba macho, na mkono hajamwachia.

Nikauliza umemwambiaje. Akasema: "Nimemwambia sawa."

Sijui ameahidi au amembembeleza tu.

Gari limeegeshwa nje, namwona Kavita kupitia pazia, ana glavu nyeupe. Amebonyeza kengele. Paul hajainuka. Amebonyeza tena. Bibi amepumzika, nadhani amelala, vidole bado vimeshika kifundo cha mwanawe — na Paul ameweka makaratasi sakafuni, ananiuliza kwa sauti ya chini, ili asimwamshe, kama najua baba yake Zinaida aliitwa nani; kwa Warusi, anasema, jina la mtu halikamiliki bila la baba.