Bastola Uliyoivaa Kila Ijumaa

Mpendwa kaka Momanyi,

Nyasi zimeanza kuota juu ya kaburi lako, na bado kuna jambo sijalielewa. Mimi niliyezoea kuwaeleza watu mambo sina maelezo, kwa hiyo nakuandikia mwenyewe.

Unakumbuka lilivyoanza, miaka michache baada ya Uhuru. Duka lako la Ikonge halikufunguliwa siku ya Sabato, basi kila Ijumaa, kabla jua halijatua, ulibeba mauzo ya wiki nzima hadi benki ya Kisii. Wenye maduka Wasabato wote walifanya hivyo, na hakuna mwizi ambaye hakulijua hilo. Jirani yako aliponyang'anywa mfuko na kukatwa panga mkononi, ukaomba kibali cha silaha. Kilipotoka ulinipitia Nyanchwa, nilikokuwa nikifundisha, tukapanda basi la Nairobi.

Muuzaji alituwekea mezani bastola mbili, nami nikakueleza taratibu. Ile kubwa, ambayo risasi zake huzunguka kwenye silinda, haikwami ovyo, na risasi zake hupatikana kwa bei ya kadiri. Ile ndogo bapa hujazwa risasi kwenye kitako. Inataka kusafishwa mara kwa mara, na risasi zake huagizwa ng'ambo. Uliichomeka kubwa kiunoni, ukafunga koti, ukajitazama kwenye kioo.

"Nikipiga magoti kwa mama jioni tukifungua Sabato kwa sala, hii itachomoza," ulisema.

"Kaka, unanunua silaha au unanunua koti?"

"Mwalimu, wewe humwogopi mama?"

Muuzaji akacheka. "Hiyo ndogo, bwana, ni ya kumkasirisha mwizi tu."

Ukachukua ndogo.

Risasi ndizo zilizokushinda. Boksi moja lilikaribia bei ya kondoo. Nilikusihi ushuke bondeni, nyuma ya shamba lako la chai, ujifunze kulenga. Ukanijibu, "Nikizimalizia kwenye migomba, mwizi nitampiga na nini?" Kwa hiyo uliivaa kila Ijumaa bila kujua hata mlio wake.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Watu watatu walikusimamisha penye mikaratusi, ng'ambo ya Nyamira. Ulifika kwangu jioni bila mfuko, vifungo vya koti vimekatika.

"Hukuwa nayo?" nikauliza.

"Nilikuwa nayo mkononi. Waliiona."

"Ilikwama?"

"Haikukwama. Ilijaa risasi."

Ulimaliza chai kwanza. Kisha ukasema kwamba mmoja wao alipokuamuru ulale chini, uliitambua sauti yake. "Tulitahiriwa siku moja. Tulikaa saiga moja, kibanda kimoja cha waliotahiriwa, mpaka vidonda vikapona. Mtu kama huyo humpigi."

"Na yeye mbona anakupiga wewe?"

"Hajanipiga. Amechukua mfuko."

Nikakuambia twende polisi. Ulikataa, na jina lake hukumtajia mtu, hata mama.

Hapo ndipo niliporudi kuwa mwanafunzi asiyeelewa somo. Ijumaa iliyofuata uliivaa tena. Risasi zilipoanza kushika kutu ulinunua nyingine, wewe uliyelalamikia bei ya kiberiti. Kama ulinunua kwa ajili ya wezi wageni, barabara ile ilikuwa na mgeni gani? Kama ni kwa ajili ya yule, ulishasema humpigi. Nilipokuuliza ulianza kunieleza habari za bei ya majani ya chai.

Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja nisiyemjua. Alimpokonya kijana jembe, akafukia kaburi mpaka mwisho. Watu walipokwenda kula, akanifuata.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndimi."

"Siku ile pale kwenye mikaratusi. Ile kitu yake ilikuwa na risasi?"

Ningeweza kumwambia haikuwa nazo. Nilimtazama mikono, ina udongo wa kaburi lako hadi kwenye viwiko.

"Ilikuwa nazo," nikasema. "Ilijaa."

"Mimi nilijua ni tupu," akasema. "Nilisema Momanyi hana pesa ya risasi, ndiyo maana hakupiga. Miaka hii yote nimesema hivyo." Akaketi kwenye nyasi palepale.

Kaka, nilifanya nini? Labda ulitaka siku moja ajue kwamba ulimwachia uhai. Labda ulinyamaza makusudi asijue kamwe, nami nimempiga risasi uliyomnyima. Nageuza upande huu, nageuza ule, sipati.

Bastola nimeirudisha kituo cha polisi pamoja na boksi la risasi. Yule mzee hakuja mezani siku ile. Nilimbebea chakula, nikaketi karibu naye mpaka akala, na sikumuuliza jina. Hilo moja nadhani nilipatia.

Pumzika, kaka. Mama hakuiona kamwe.

Mdogo wako,
Mwalimu