Nilichomtafsiria Baba

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Natumaini hamjambo, na lile jino lililokuwa likikunyima raha limetulia. Sisi huku tunapumua, ila moyo wangu hautulii. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Baba alifanyiwa upasuaji wa mgongo Jumanne ya wiki iliyopita. Tangu aanguke kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Daktari bingwa ni mgeni, Kiswahili hajui hata salamu, na nesi anayemtafsiria alikuwa likizo. Mama akanisukuma mbele kwa fahari: mwalimu wa Kiingereza si huyu hapa, tunahangaika nini?

Unajua wiki hiyo nilikuwa nafundisha nini darasani? Wakati ujao. Nilijaza ubao mzima: “will” kwa unaloahidi au kulitabiri, “going to” kwa lililokwisha pangwa, “may” kwa ambalo huenda likawa, huenda lisiwe. Wanafunzi walinung’unika kwamba Waingereza wanajitafutia kazi, sisi “ta” yetu moja inatutosha. Waliochanganya niliwakata alama bila huruma.

Daktari alizungumza polepole. Upasuaji umeshapangwa, “going to”, nikatafsiri sawasawa. Dawa itamlaza usingizi, “will”; sawa pia. Kisha Baba akauliza jambo moja tu: je, atatembea? Daktari akanitazama mimi, si yeye, akasema, “He may walk.”

Nikamwambia Baba, “Anasema utatembea.”

Akaomba kalamu, akasaini.

Leo ni siku ya tisa na vidole vya miguu havijasogea hata kidogo. Kila asubuhi Baba alikuwa akiniuliza daktari alitaja siku ngapi, nami nikimwambia avute subira huku nikijifanya napanga shuka. Mama ameshapeleka viatu vya Baba kwa fundi vibadilishwe soli.

Dada, usidhani ulimi uliteleza. Neno lile nililisikia vizuri kabisa. Nilijua Baba akisikia “huenda” atakataa kisu na kudai arudishwe nyumbani. Basi nikamwamulia, mwili wake mwenyewe, bila kumwuliza.

Jana mchana nilishindwa kuendelea. Mama alipotoka kwenda kufua, nilimweleza Baba kila kitu. Akauliza kama Mama anajua. Nikasema hajui.

“Basi usimwambie,” akasema. “Na wewe usinitafsirie tena.”

Mama aliporudi na ndoo yake, akamwuliza anajisikiaje. Baba akamshika mkono, akamwambia, “Nitatembea, mke wangu.” Sauti haikutetemeka. Mimi nilitoka nje.

Njoo, dada, hata kwa siku mbili. Baba haniangalii usoni, na Mama ameanza kuuliza kuna nini kati yetu. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na barua hii uichane ukishaisoma.

Ni mimi mdogo wako,
Ticha