Damu Isiyopanda

Mabalako, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Yaya Jemima, mukubwa wangu,

Jambo sana. Habari ya Butembo, ya batoto, ya biashara ya biatu? Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mimi tu ndiye sijui kama niko muzima.

Bile bidonge ya fer, ya kuongeza damu, nilimaliza yote, mais nguvu hairudi. Nikipanda kilima ya ku shamba ya kakao, moyo unapiga kama wa mutu anayefukuzwa. Mimba iko mwezi ya tano. Niko nakula udongo mweupe kila siku, siwezi kuacha. Mama wa bwana yangu anasema mbele ya batu: "Muke wa Lusenge ni muvivu, alizoea kulala kwao." Lusenge ananyamaza. Ile kunyamaza ndiyo inaniuma.

Mudogo wako, Nadège

Butembo, tarehe 16 mwezi wa pili

Mudogo wangu,

Salimia nyumba yote, hata yule mama. Sisi tuko bazima, mais barua yako nimeisoma nikisimama na tangu pale akili haikai.

Nilienda kwa Mariette, muganga wa hospitali tunasali naye. Nikamuambia: "Mudogo wangu anakunywa fer na damu haipandi." Akauliza: "Ku shamba anavaa biatu?" Nikasema hapana. "Bamepima choo yake?" Sikujua.

Anasema kuko minyoo ndogo sana, inaingia ku ngozi ya miguu, inafika mu matumbo, inauma pale na kukunywa damu. Wewe unajaza, yenyewe inamwaga. Tena matumbo yenye kuumia hayapokei vizuri fer. Na ule udongo unaokula unakamata fer, inatoka nao mu choo. Donc bidonge peke yake haitoshi. Enda ku centre de santé, ile hospitali ndogo yenu, bakupime. Dawa ya minyoo usinunue ku soko. Mwenye mimba anapewa na muganga.

Usingoje Lusenge aseme ndiyo.

Yaya wako

Mabalako, tarehe 2 mwezi wa tatu

Yaya,

Habari ya siku? Nilienda. Minyoo iko, mingi. Muganga alivuta kope yangu chini, akaona ndani ni kweupe, akaita Lusenge aangalie. Ni kwa mara ya kwanza Lusenge aliogopa. Bamenipa dawa, na fer nianze tena. Udongo naacha, mais mate inajaa kinywa nikiuona.

Jana tulisikia masasi ya bunduki ngambo ya muto. Jirani banafunga bitu.

Mudogo wako

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tatu

Mudogo wangu,

Uko muzima? Ésaïe wa pikipiki, mwenye kubeba barua zetu, amerudisha barua yangu ya juma lililopita. Anasema kwenu hakuna mutu, milango iko wazi. Simu yako haiiti. Hii nampa mutu wa kanisa anayeenda Beni, aulize ku batu bote benye bamekimbia. Jibu hata neno moja.

Yaya

Beni, tarehe 12 mwezi wa sita

Yaya wangu,

Pole kwa woga nilikupa. Sisi tuko bazima, bote. Tulikimbia na nguo ya mwili, simu ikapotea mu pori. Niliandika tukipita Mangina, naona barua haikufika. Bidonge nilifunga ndani ya kitambaa ya kichwa, nikakunywa njiani.

Nimezaa musichana. Damu ilitoka sana. Muzalishaji, mwenye nilimuelezea yote, aliniambia kisha: "Kama ungekuja hapa na ile damu yako kidogo ya zamani, tungekupoteza." Mama wa bwana yangu alikuwa amenishika mukono. Alisikia.

Kesho yake akaomba bamupime na yeye. Minyoo ilikuwa mingi kuliko yangu. Alikaa ku kitanda yangu, akasema: "Nadège, toka ujana wangu nachoka. Nilizani ni uvivu nilizaliwa nao. Nilikuwa naupigana kila asubuhi, na nikiona wako, nilikasirika."

Nilimupa mutoto amubebe.

Mudogo wako, Nadège