Kichupa cha Moyo na Kombe la Nassor

Ijumaa, mwezi 3 Mfunguo Saba

Ulikuwa wapi, we mwanamke? Mwezi mzima daftari liko chini ya godoro, kunguni wanalisoma wao. Skuli hukutiwa, herufi zako ni hizi hizi za chuo cha Kurani, na hizo nazo unazifanyia uvivu. Haya, kaa uandike.

Nimeloweka zafarani. Sahani tatu za kombe leo, aya za kuandikwa, zikoshwe, mgonjwa anywe. Ya mwisho ya Nassor, mtoto wa Salma jirani. Miezi minne, moyo una tundu. Akinyonya hutoka jasho kama mchukuzi wa bandarini. Hospitali wamempa dawa ya maji, asubuhi na jioni, mpaka apate safari ya kupasuliwa nje. Dawa anapewa, kombe namwandikia, Salma anakosha sahani kwa marashi na kumnywesha. Ndivyo inavyotakiwa.

Zuhura mjukuu wangu kaja na boksi la barafu. Friza ya maabara yao imekufa, fundi mpaka Jumatatu, kwa hiyo anaazima yangu. Ndani mna kichupa kama kidole cha mtoto. Nimekitazama juani, hamna kitu. Nikamwambia umeuziwa pumzi. Kacheka mpaka kakaa chini. Ati mna unga kidogo mno, protini inayojenga moyo wa mtu akiwa bado tumboni. Huko nje wameitengeneza ndani ya vijidudu. Wao wataichunguza wajue moyo unakosea wapi.

"Si dawa, Bibi. Hanyweshwi mtu."

Nimesikia. Mimi si kiziwi.

Jumamosi, mwezi 4

Mdomo wangu huu. Harusini, mbele ya wanawake wa mtaa, nimejisifu. Kwangu, kwenye friza, mna kitu kinachojenga moyo wa binadamu. Nilitaka wamheshimu Zuhura, wanamcheka hajaolewa. Salma alikuwa nyuma yangu. Kaacha kula.

Jumapili, mwezi 5

Salma kapiga magoti jikoni kwangu. Nimemwambia si dawa. Mara tatu.

"Bi Riziki, angekuwa kitukuu chako ungeniambia si dawa?"

Kanishika miguu. Nimezika watoto wawili mimi. Nnayajua magoti hayo.

Zuhura huniletea vichupa vitupu vya kazini, natilia mafuta ya udi. Nikachukua kimoja, nikakijaza maji ya kombe. Zafarani ile ile, marashi yale yale. Nikampa. Nikasema ndiyo hiyo, matone matatu kwa siku. Maneno ya Mungu hayamdhuru mtoto. Kanibusu mikono, kalia. Mimi ninayemwambia bibi harusi usoni kuwa ananuka kikwapa, leo nimesema uongo na umetoka laini kama samli.

Jumatatu, mwezi 6

Zuhura kachukua kichupa chake. Kizima. Hakuuliza kitu.

Jumatano, mwezi 8

Salma anaimba uani. Nimejiona mjanja.

Ijumaa, mwezi 10

Nassor kavimba miguu. Na uso. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Nimeuliza dawa ya hospitali iko wapi.

"Ya nini tena, Bi Riziki? Nshaimwaga. Si nina yako?"

Kaimwaga. Tangu Jumapili. Nimepiga ukelele mtaa mzima ukatoka.

Hospitali, daktari kauliza mtoto anatumia nini. Salma kamtolea kichupa. Daktari kanusa. Marashi. Kanitazama. Nami nikatazama sakafu.

Jumamosi, mwezi 11

Nassor kafariki kabla ya adhuhuri. Kazikwa alasiri. Nimemkosha mimi. Salma alikataa mkono wa mtu mwingine. Mwepesi. Ule uvimbe wote, na bado mwepesi.

Nimemwambia Zuhura. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Ile yangu isingemsaidia, Bibi. Wala kombe halikumuua, kauliwa na kukosa dawa. Aliyemwagisha dawa ni wewe."

Ulimi huo kauchukua kwangu. Nimeuonja leo.

Jumanne, mwezi 14

Hitima imekwisha. Salma kaniletea sahani ya wali, kanikalia karibu. Anasema kosa ni lake. Alhamisi alisahau tone moja, akampa mawili badala ya matatu. Anauliza, lile moja ndilo lililomponza mwanawe?

Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Nikala wali wake wote.

Jumatano, mwezi 15

Manyunyu. Sikuandika kombe leo, waliokuja nimewarudisha. Zuhura kaenda kazini bila kuniaga. Salma anaanua nepi kambani, anazikunja moja moja, anazipanga kitini. Mlango wake uko wazi. Hatua kumi kutoka hapa.

Ukitaka kurudi kwenye daftari hili, we mwanamke, anzia mlango ule. Mwambie matone yalikuwa nini, na kwamba hakusahau kitu. Kama hujamwambia, usilifungue.