Mbuzi Uliyemrithisha Mimba ya Ng'ombe

Mpendwa binamu,

Nasikia huko Dar es Salaam sasa unawafundisha wengine kuunda programu. Nawahurumia. Mimi nimebaki Handeni na ng'ombe wako.

Unakikumbuka kile chumba cha Korogwe, nyuma ya duka la mama yako, tulimoandika programu ya wafugaji? Ng'ombe alikwisha kukamilika: mmiliki, namba ya hereni ya sikioni, tarehe ya kupandwa. Ilipofika zamu ya mbuzi, ukapiga mwayo. "Mbuzi amrithi Ng'ombe, basi, achukue kila tulichomwandikia. Kuandika mara mbili ni kazi ya makarani." Nikakuuliza tangu lini mbuzi akawa ng'ombe. "Wote wana kwato, profesa." Nami, kwa aibu yangu ya milele, nikacheka.

Ukaondoka. Baadaye nikamwongezea Ng'ombe uwezo wa kukadiria siku ya kuzaa: miezi tisa. Mbuzi, mrithi wako mtiifu, akaupokea bila kuulizwa. Mkono ulikuwa wangu, sikatai. Mtego ulikuwa wako.

Mzee aliyekubali kutujaribia programu kwa niaba ya wafugaji wenzake akaniita bomani kwake. Shikamoo yangu hakuiitikia, alininyooshea simu. Ujumbe wetu ulisema mbuzi wake angezaa baada ya miezi minne. Mbuzi mwenyewe alikuwa mbele yetu, ananyonyesha.

"Kijana, ukija kuposa hapa, tukapatana ng'ombe, ukaleta mbuzi, nitampokea?"

"Hapana, mzee."

"Hilo ulilijua kabla ya kusoma, au baada?"

Wafugaji wote wakajitoa.

Swali lake ndilo ulilopaswa kujiuliza kabla ya kupiga mwayo. Asiyeweza kupokelewa popote anapotarajiwa mzazi hastahili kumrithi. Kama kilichokuchosha ni ile mistari ya hereni na mmiliki, ungeitenga iwe kipande cha programu kinachojitegemea. Ng'ombe akitumie, Mbuzi akitumie, kila mmoja abaki na kalenda yake. Nimefanya hivyo kwa asubuhi moja. Uvivu wako uliokoa dakika kumi.

Nilirudi kumsihi mzee. Amenipa mbuzi mmoja tu, aliyepandwa juzi. Akizaa siku niliyoitaja, wenzake watarudi. Asipozaa, nisikanyage tena bomani.

Nakukumbuka, binamu, hasa kile kicheko chetu. Ukipata mchumba, usihangaike kutafuta mshenga. Nitawaswaga mbuzi mwenyewe hadi kwa wakwe zako, nikiwaapia kwamba wote wana kwato.

Binamu yako,
anayehesabu miezi mitano